Msasa si Vanishi

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umo msemo uliozoeleka mno hata haumshughulishi tena anayeutumia. Shairi likionekana lina kasoro, mhakiki huandika kwamba linahitaji kupigwa msasa. Diwani mpya ikitoka, dibaji yake humshukuru fulani aliyeipiga msasa. Siku hizi hata makarani na walimu huitwa semina wakapigwa msasa, wakarudi makwao na vyeti. Msemo ulitoka katika karakana ya seremala, ukaingia katika fasihi, ukapita ofisini, na njiani umedondosha maana yake. Kwani msasa una tabia yake, na tabia hiyo ni kinyume cha ile ambayo wengi huikusudia wanapoutaja.

Kabla ya kuwa karatasi ya dukani yenye namba mgongoni, msasa ni mti. Ni mti wa jamaa ya mikuyu, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata, na majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka. Mafundi wa zamani waliyachuma majani hayo wakasugulia mbao mpaka zikalainika. Karatasi ya kiwandani ilipokuja ikarithi jina la jani, wala hakuna aliyeona haja ya kulitafutia jina jingine. Randa, patasi na tezo hukata. Jani la msasa hula polepole. Lakini vyote vinne vimo katika ukoo mmoja, ukoo wa vitu vinavyoondoa. Msasa hauupi mti chochote ambacho mti haukuwa nacho. Kilichobaki baada ya unga kuanguka chini ndicho kilichokuwamo tangu mwanzo.

Vanishi ni ya ukoo mwingine. Hiyo huongeza. Hutandaza juu ya mti ngozi isiyo ya mti, ikang'aa, na jicho la haraka likaridhika. Mhakiki anayesema "shairi hili limepigwa msasa" huku akisifu mng'aro wake anachanganya kazi mbili ambazo fundi yeyote angezitenga kwa siku kadhaa. Kosa hili lingekuwa la maneno tu, na la kusameheka, lau lisingekuwa linatendeka pia kwa mikono, juu ya mbao zenyewe, hadharani.

Apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, hukutana na milango ya namna mbili. Ipo iliyokwiva kwa jua, ya kahawia iliyofifia kuelekea kijivu, iliyokwaruzika kwenye miimo na kulainika pale mikono ya vizazi ilipoishika. Na ipo inayong'aa kama peremende iliyolambwa. Hii ya pili inazidi, hasa pale nyumba ilipogeuzwa kuwa mahali pa kulaza wageni. Mwenye nyumba ana hoja: mgeni hupenda kupiga picha mlango unaometa, na mlango wa kijivu humtia shaka kwamba hata vitanda ndani vimechakaa. Ila hoja ya biashara haifanyi kazi mbovu kuwa njema.

Mlango wa nakshi husomwa kwa kivuli. Fundi aliyechonga msaji ulioletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi, au mfenesi, au mbambakofi, hakuchora mistari. Alichimba mashimo ya giza na kuacha vilele vya mwanga. Asubuhi jua likija upande, yungiyungi kwenye mfaa huinuka, mnyororo wa ukingoni hukaza pingu zake, samaki huonekana magamba. Adhuhuri, jua likiwa utosini, vyote hulala. Alasiri huamka tena kwa upande wa pili. (Watembeza wageni wana maana ya kila pambo, samaki ni hiki na mnyororo ni kile, nao husimulia kwa uhakika ambao mchongaji mwenyewe huenda angeustaajabia, hayo yapite.) Kinachohusika hapa ni kwamba kivuli ndicho wino wa maandishi haya. Vanishi nzito ikipakwa, kwanza hujaa katika mifereji myembamba na kuzifanya kingo kali ziwe butu. Pili, hurudisha mwanga kutoka kila pembe, hata pale palipokusudiwa giza. Jicho huona kumetameta badala ya nakshi. Mlango unakuwa umepambwa mara mbili, na pambo la pili limelifuta la kwanza.

Hapo ni uzuri tu unaozungumzwa. Hali ya hewa nayo ina neno lake. Mti hata ukiwa mlangoni kwa miaka mia bado hupumua: wakati wa masika hunywa unyevu na kutanuka, hasa kwa upana wa nyuzi zake, na kiangazi ukanywea. Ngozi ya vanishi inayogandia juu haitanuki kwa kiasi hicho. Hupasuka nyufa nyembamba zisizoonekana, maji yenye chumvi hupenya humo, yakishaingia hayana njia ya kutokea. Zaidi ya hayo, ngozi isiyo na rangi hupitisha mwanga wa jua, na mwanga huo huiharibu gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti usoni. Vanishi basi inajikuta imeshikilia tabaka ambalo lenyewe halishikilii chochote. Matokeo yake huonekana kwenye milango inayoelekea baharini: magamba, mabaka meupe, maganda yanayobanduka kwa ukucha. Mwenye nyumba, kwa kutojua sababu, hupaka nyingine juu yake.

Ile rangi ya kijivu inayomtia haya mwenye nyumba si ugonjwa. Ni kazi ya jua katika tabaka jembamba sana la juu. Chini yake msaji uko vilevile. Wahenga walilisema jambo hili pasi na kutaja kemia: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mkakasi ni chombo kidogo cha mti kilichorembwa, na aliyeitunga methali hiyo bila shaka alikuwa amekiona kimoja kikivuliwa urembo wake na mvua.

Je, mti mtupu uachwe mtupu? Hapana. Hapa ndipo wapenzi wa mambo ya kale nao hukosea, kwa kudhani kwamba kila kinachopakwa ni uongo. Mbao iliyotoka katika randa ina vinyweleo vilivyo wazi, nayo hunywa kila kinachomwagika: kahawa, mafuta ya taa, jasho. Lazima izibwe. Swali ni kwa nini, na kwa utaratibu gani, na utaratibu huo unastahili kuelezwa kwa ukamilifu kwa kuwa ndiko uhakiki wenyewe unakokaa.

Kwanza mbao iwe kavu. Fundi anayeziba mti mbichi anafungia maji ndani, na maji yatatafuta njia. Baada ya randa huja msasa mkali, tuseme wa namba 80, ambao kazi yake ni kufuta alama za chuma. Kisha 120, kisha 180, na mara nyingi 220 inatosha. Kila namba hufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na ndiyo sababu kuruka namba ni udanganyifu usiofichika: mikwaruzo ya 80 haionekani kwenye mti mtupu, ila siku ya kupaka hujitokeza yote. Mkono uende na nyuzi, usizikate. Mkwaruzo uliokata nyuzi ni kama neno lililowekwa kinyume cha mdundo, linaonekana hata na asiyejua kwa nini linamkera. Halafu huja hatua ambayo mafundi wenye haraka huiacha. Mbao hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikaachwa ikauke. Nyuzi zilizolazwa na msasa husimama kama malaika ya mkono penye baridi, na uso uliokuwa laini hukwaruza tena. Basi hupigwa msasa mwepesi, mara moja, kuzikata hizo zilizosimama. Asiyezisimamisha mwenyewe kwa maji atasimamishiwa na tabaka lake la kwanza, tena wakati huo zitakuwa zimeganda.

Vumbi lifutwe. Ndipo huja dawa ya kuziba vinyweleo, ambayo mafundi wengi huiita sila, ikiwa nyepesi, imezimuliwa. Ncha za mbao, pale nyuzi zilipokatwa, hunywa kuliko uso, kwa hiyo hupewa mara mbili au tatu. Ikikauka hupigwa msasa tena. Jambo hili lafaa kutajwa kwa mkazo: baina ya tabaka na tabaka, msasa. Kila kinachoongezwa hupunguzwa kabla ya kuongezwa kingine. Msaji una matatizo yake zaidi, kwa sababu una mafuta yake wenyewe yanayokataa kushikana na vanishi. Hupanguswa kwanza kwa thina, na tabaka hupakwa upesi kabla mafuta hayajarejea usoni.

Kwa meza, kabati, rafu na kitanda, vyombo vya ndani visivyoonana na jua, utaratibu huo ukimalizikia katika vanishi nyembamba hauna lawama. Meza ya kulia ikipakwa mafuta peke yake hulia kwa kila bilauri. Spiriti na lakiri, mtindo wa kale wa Bara Hindi, hutoa mng'aro mzuri kuliko yote, ingawa maji yakisimama juu yake huacha doa jeupe. Kila dawa ina mahali pake, na ubaya wa vanishi mlangoni hautokani na vanishi bali na mlango.

Mlango wa nje hutaka mafuta, na pwani ilikuwa na elimu ya mafuta tangu kale kupitia vyombo vya bahari. Jahazi lilipakwa sifa, mafuta ya papa, kwenye mbao zilizo juu ya maji, na chini likapakwa deheni ya chokaa na shahamu. Sifa inanuka, ndiyo maana haikuhamia sebuleni. Mafuta ya nazi yalihamia, na bado wapo wanaoyapaka milangoni kabla ya sikukuu. Hayo yana aibu moja: hayakauki. Hukaa juu, huvutia vumbi la barabarani, na baada ya miaka mifereji ya nakshi hujaa kitu cheusi ambacho wengi hukidhania kuwa ndiyo rangi ya ukale. Mafuta ya kitani ni tofauti. Hayo huvuta hewa na kugeuka kuwa kitu kigumu humo humo ndani ya vinyweleo, si juu yake, mradi yapakwe kidogo na yanayobaki yafutwe kabla hayajanata. Nayo si malaika. Katika unyevu wa visiwani huweza kulisha ukungu, hufanya mti kuwa mweusi zaidi kadiri miaka inavyopita, na kitambaa kilichofutia kikiachwa kimekunjwa hujipasha moto chenyewe mpaka kikawaka. Fundi mwangalifu hukitandaza kikauke au hukizamisha majini. Lakini mlango uliotiwa mafuta ukihitaji tena huongezewa tu. Hakuna maganda ya kubandua. Gharama yake ni mkono wa mtu, mara moja au mbili kwa mwaka, miaka yote. Hiyo ndiyo gharama ambayo vanishi hudai kuifuta, na ndiyo sababu inanunuliwa.

Hata hivyo si haki kuibebesha vanishi dhambi zote. Kubaya zaidi kunatokea siku inapotakiwa kutolewa. Huletwa mashine ya msasa, ambayo kwa mbao bapa ni neema, ikapitishwa juu ya nakshi. Mashine haijui kilele na bonde. Kwa muda mfupi hula kingo zilizokatwa kwa patasi na mtu ambaye hayupo tena, na alama za patasi yake, ambazo ni mwandiko wake, zikawa unga. Tabia ya msasa ni kuondoa, na kilichoondolewa hakirudi. Vanishi mbaya angalau hutoka. Milango mikubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, ina aya za Kurani zilizochongwa. Penye mlango wa namna hiyo, milimita moja ni herufi. Vivyo hivyo kwa milango ya mtindo wa Siyu, ambayo michoro yake ilitiwa rangi nyekundu na nyeusi: anayeisugua mpaka ukaonekana "mti wa asili" amefuta asili kwa jina la asili.

Wasomaji wa mashairi wamekwisha kuona habari hii inaelekea wapi. Mashine ya namna hiyo imewahi kupita juu ya tungo. Tangu Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, shairi la Kimvita au la Kiamu limekuwa likifika mezani kwa mhariri kama mbao isiyorandwa. Mhariri mwema, kwa nia njema kabisa, huandika "nchi" mahali pa "nti" na "machozi" mahali pa "matozi". Lakini mtunzi alikuwa amefunga "nti" na "kiti", na "matozi" na "vitozi" huenda. Kina kimevunjika, na mhariri, akikiona kimevunjika, hutafuta neno jingine la kukiunga. Hapo ameshaacha kusahihisha na ameanza kutunga. Kile alichokiita mkwaruzo kilikuwa ukingo wa nakshi.

Upande wa pili ni vanishi ya mashairi, nayo inajulikana kwa mng'aro wake. Ni msamiati wa kale uliochotwa kamusini usiku wa kuamkia kutuma shairi. Ni Kiarabu kilichowekwa si kwa kuwa ndicho kilichohitajika bali kwa kuwa kinasikika kizito. Juu juu tungo inameta. Ikisomwa mara ya pili, kwa sauti, mbele ya watu wanaojua, huanza kubanduka.

Kati ya hizo mbili kuna futi, ule mchanganyiko wa vumbi la mbao na gundi ambao fundi huzibia tundu la msumari. Mshairi wa arudhi anaujua vizuri kuliko anavyopenda kukiri. Mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, na wazo limekwisha kwenye mizani ya nne: mizani nne zilizobaki huzibwa kwa "kwa yakini", "nawambia", "sikizani", "wangu mwana". Kwenye mbao tupu futi haionekani. Siku mafuta yanapopakwa, mti hunywa na futi hainywi, na kila tundu lililozibwa hujitangaza kwa doa lake. Si kusema kwamba futi ni haramu. Hakuna mlango usio na tundu, wala hakuna diwani ya arudhi isiyo na "kwa yakini". Lakini fundi hutumia vumbi la mbao ileile, si la mbao nyingine, na mhakiki anayo haki ya kuuliza kama neno la kuzibia limetoka katika mti wa shairi lenyewe ama limeokotwa sakafuni.

Mfano wa msasa unaostahili jina hilo upo karibu. Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya kwanza ya Julius Caesar mwaka 1963. Ilikuwa kazi ya kutosha kwa mtu aliyekuwa anaongoza nchi changa, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuiacha ilivyo. Mwaka 1969 ikatoka upya ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Miaka sita, kazi ileile, mkono uleule. Wanaozilinganisha hujifunza zaidi kwa kutazama kilichobadilishwa kuliko kwa kusifu kilichomeremeta. Watunzi wangapi hurudi kwenye kazi iliyokwisha kuchapwa wakaisimamisha nyuzi zake kwa maji?

Kimebaki kipande kimoja cha mlango ambacho picha hazikioni. Ni ukingo wa chini, unaokaribiana na kizingiti. Nyuzi za mbao za wima hukatikia hapo, zikiwa wazi kama mirija, na hapo ndipo maji ya kudeki, maji ya mvua yarukayo kutoka sakafu ya barazani, na chumvi inayopanda na unyevu hukutana. Milango mingi iliyopakwa vanishi mara nne usoni haikupata hata tone moja mahali hapo, kwa kuwa kupafikia kunahitaji kuuvua mlango, na mlango wa kale haukai kwenye bawaba bali huzunguka kwa vigingi vyake vya juu na chini, tena ni mzito wa kuhitaji watu wanne. Wenye kufanya kazi hiyo huifanya kabla ya masika. Huulaza mlango juu ya magunia, huusugua ukingo kwa karatasi ya 80 kisha 120, huupa mafuta ya kitani mpaka ukome kunywa, wakaurudisha mahali pake jioni, na mpita njia wa kesho yake haoni tofauti yoyote.